Sebule ndogo, spika za kutundika ukutani: nichukue zipi? (Nipo Mwanza)

SatoMkavu
Mwangaluka wakuu.

Nimehamia nyumba ya kupanga huku Nyegezi. Sebule ni mita 3 kwa 3.6, dari ya jipsamu, sakafu ya vigae. TV ya inchi 43 ipo ukutani tayari, kwenye ule ukuta mfupi. Kochi linaikabili na mgongo wake umegusa ukuta wa nyuma. Sabufa yangu ilikuwa inakaa chini, ila mtoto wa pili ameanza kusimama kwa kushika kila anachokikuta, na anachokikuta kwanza ni vitufe vya sauti. Wavu wa spika moja alishauchomoa, kidole kikazama kwenye koni. Mama watoto ametoa tamko: hataki kuona spika wala waya sakafuni.

Kwa hiyo nataka spika mbili za kutundika. Bajeti laki nne pamoja na kila kitu, nikibanwa naongeza kidogo. Matumizi ni taarifa ya habari, mpira, muziki wa dansi wa zamani, na kwaya Jumapili asubuhi. Disko sina mpango nalo.

Nimezunguka maduka ya mjini kati, kila ninapoingia naimbiwa wati. "Hii elfu tano bosi, hii elfu kumi na mbili." Nikiuliza kitu kingine naonekana msumbufu. Ukuta wa TV ni tofali la saruji na lipu, na ndio huohuo tunaochangia na jirani. Mwenye nyumba ameruhusu kutoboa, sharti nizibe nikihama.

Nianzie wapi?

Kayenze Boy
Saundiba mkuu. Skrubu mbili chini ya TV, mchezo umekwisha. Uzi ufungwe.

Ngosha wa Igoma
Sabufa ipandishe juu ya kabati. Mtoto akifika huko ujue ameshakua, anunue yake.

Fundi Nyakato
Mkuu SatoMkavu, hizo elfu kumi na mbili zimeandikwa kwenye boksi, na boksi halitoi sauti. Siku nyingine ukiingia dukani omba mashine, igeuze mgongoni pale waya wa umeme unapoingia. Utakuta kibandiko: AC 230V 50Hz, na pembeni yake wati 40, au 60, au 80. Hicho ndicho inachokula. Haiwezi kutoa zaidi ya inachokula, na sehemu ya hicho hicho inaishia kuwa joto. Kwa kishindo cha mara moja itazidi kidogo kwa akiba iliyopo kwenye kapasita, basi. Namba za boksi wanaziita PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Wewe uliza RMS, yaani wati za kweli inazotoa mfululizo. Muuzaji akikujibu "RMS ndiyo nini?" msalimie, uende zako.

Namba ambayo hawakutajii kabisa ni hii: spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, ukiipima mita 1 mbele yake. Spika ndogo nyingi zinaangukia 84 mpaka 88. Sasa angalia. Kupandisha desibeli 3 tu unahitaji wati mara mbili. Kupandisha 10, ambapo sikio ndipo linakubali kwamba sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Maana yake spika ya desibeli 88 yenye wati 20 inakwenda sawa na ya 85 yenye wati 40. Kwa sebule ya mita 3 kwa 3.6, taarifa ya habari unaisikiliza vizuri tu bila kumaliza wati 1. Ukipata ampli (mashine ya kukuza sauti) yenye wati 20 za kweli kila upande, jirani atakuwa anagonga mlango kabla hujafika nusu.

SatoMkavu
Fundi nimekuelewa. Dah, kumbe nilikuwa nataka kununua karatasi ya boksi.

Kayenze Boy, saundiba nimeifikiria, ila ya rafiki yangu Buhongwa muziki wote unatokea katikati pale chini ya TV. Dansi la zamani lina magitaa matatu yanaongea, nataka moja nilisikie huku na jingine kule.

Pima Kwanza
Nimesoma, wati zimeshajadiliwa vya kutosha. Tuje kwenye ukuta, kwa sababu spika ya ukutani unainunua pamoja na ukuta wako.

Sauti nyembamba ya twita, ile spika ndogo ndani ya kasha, inakwenda mbele. Sauti nzito haina mbele wala nyuma, inazunguka kasha lote. Spika ikiwa katikati ya chumba, besi nyingine inapotelea nyuma. Ukiibandika ukutani, ile iliyokuwa inakwenda nyuma inarudi mbele, na kwa hesabu ya vitabuni hilo linaweza kuongeza mpaka desibeli 6 kwenye sauti za chini. Ukiisukumia kona, inaongezeka tena. Kwa hiyo spika iliyoundwa kusimama kwenye stendi mbali na ukuta, ukiitundika inavimba chini. Mtangazaji wa habari anaanza kuongea kama yumo ndani ya pipa. Watu wanasema spika mbovu, kumbe imewekwa mahali ambapo haikutengenezewa.

Unachotafuta ni kasha lisilo na kina kirefu, ambalo ama limezibwa pande zote au tundu lake la hewa lipo MBELE. Tundu likiwa nyuma, ukuta unaliziba au unalibadilishia mlio. Hiki ni kitu cha kwanza kuangalia dukani, kabla ya jina, kabla ya rangi. Igeuze tu.

Na msidhani kuibandika ni kasoro. Kuna faida wengi hawaijui. Uso wa spika ukiwa sentimita 60 kutoka ukutani, sauti inayorudi inagongana na ile ya mbele na kufutana maeneo ya 140 Hz (mitetemo 140 kwa sekunde), palepale kwenye uzito wa sauti ya mwanamume. Ukiitundika kasha la kina cha sentimita 15, mgongano huo unapanda mpaka karibu 570 Hz, na huko juu kasha limeshaanza kuielekeza sauti mbele, kwa hiyo shimo linakuwa dogo. Sebule ndogo ndiyo hasa mahali pa kutundika. Watu wa stendi wanahitaji nafasi ambayo sisi hatuna.

Jambo la mwisho, kochi. Urefu wa mita 3.6 una mngurumo wake karibu 48 Hz, upana wa mita 3 una wake karibu 57 Hz. Miguno hiyo inajazana zaidi kwenye kuta, na wewe kichwa umekiegemeza ukutani. Sogeza kochi mbele hata kwa upana wa mto, halafu usikilize tena ndipo ulalamikie besi.

Fundi Nyakato
Pima Kwanza, hapo kwenye tundu la nyuma umekaza mno. Mimi nimeziba matundu ya nyuma kwa sponji kwa wateja wengi, spika zikakaa ukutani vizuri kabisa. Mtu akipata spika nzuri ya bei poa asiiache kwa sababu ya tundu.

Pima Kwanza
Ukiziba besi inapungua, na ukutani unataka ipungue, kwa hiyo inafanya kazi. Sijakataa. Na breketi ikiacha nafasi ya kutosha nyuma, hata bila sponji inaweza kupita. Lakini jamaa ananunua, harekebishi alichonacho. Kwa nini anunue kitu aanze kukiziba?

Fundi Nyakato
Kwa sababu ya laki nne, mkuu. Wewe unaongea kama ana milioni mbili.

Ngosha wa Igoma
Wazee kaeni, soda zinakuja.

Dada wa Pasiansi
Mimi si fundi, ni mtumiaji, na sebule yangu ni ndogo kuliko ya mleta mada. Kaka SatoMkavu, kabla hujatoboa chochote, azima spika zozote ndogo hata kwa jirani. Panga viti au ndoo pande mbili za TV mpaka spika zifike kimo unachokifikiria. Weka taarifa ya habari, kaa kochini, mwambie shemeji azisogeze huku na kule. Ukisikia sauti ya mtangazaji imekaa pale kwenye mdomo wake, chora alama ya penseli. Kazi ya jioni moja, na penseli inafutika. Tundu la drili halifutiki.

Kimo kizuri ni twita kuwa sawa na sikio la aliyekaa, karibu mita moja kutoka sakafuni. Lakini mita moja ndipo mikono ya mtoto ilipo, kwa hiyo mimi nilipandisha mpaka karibu mita moja na nusu na nikachukua breketi zinazoinama. Spika zinatutazama usoni. Ule mtindo wa kuzibandika juu kabisa pembe ya dari, kama mgahawani, achana nao. Huko ni kona tatu kwa pamoja, na waimbaji wote wanakuimbia kutoka darini.

Upana: ukuta wako ni mita 3, ziweke zipishane mita 2, ibaki nusu mita kila upande hadi kona. Wataalamu wanataka wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Sebule zetu haziruhusu, ila geuza kila spika ikuelekee kidogo, utaona tofauti.

Pima Kwanza
Dada umemaliza. Hilo la kona tatu ningependa liandikwe kwenye milango ya maduka.

Bwana Lipu
Mmefika kwangu. Kutoboa.

Kwanza, mabomba ya waya za umeme ndani ya ukuta mara nyingi yanapanda wima kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe juu wala chini ya soketi kwa mstari ulionyooka. Na wewe ukuta ni wa watu wawili! Soketi za jirani usizoziona zina mabomba yake upande ule. Mwombe akuonyeshe zilipo, uzipime kutoka kona moja, ndipo uchague pa kutoboa. Kama breketi zinaweza kwenda kwenye kuta za pembeni zikaegemea mbele, fikiria na hilo.

Pili, lipu haibebi kitu. Ina unene wa sentimita moja na kitu, chini yake ndipo lilipo tofali. Plagi ya plastiki lazima ipite lipu yote iingie tofalini. Kwa spika ya kilo mbili mpaka nne, biti ya milimita 8, plagi ya 8, skrubu ndefu ya kutosha. Anza bila nyundo ya drili mpaka uvuke lipu, la sivyo inamomonyoka ukabaki na shimo la kikombe. Ukifika tofalini ndipo uwashe nyundo. Ukimaliza, puliza vumbi lote litoke. Plagi inayozunguka ndani ya vumbi haijashika, hata ukikaza vipi. Chini ya alama bandika bahasha iliyofunguliwa mdomo, vumbi lote linaingia humo na mama watoto hana la kusema.

Tumia pimamaji. Macho yanadanganya hasa spika zikiwa jirani na TV.

Tatu, kama kuna mtu anasoma hapa anataka kutundika kwenye jipsamu, iwe dari au ukuta wa kugawa chumba: tafuta mbao au fremu ya chuma nyuma yake. Jipsamu tupu na mtetemo wa spika ni suala la muda tu.

Waya: shaba, milimita za mraba 1.5. Kwa mita 5 upotevu wake ni mdogo mno, usikubali kuuzwa waya wa bei ya simu. Ila angalia ile ya rangi ya shaba ambayo ndani ni aluminiamu. Kwangua kwa wembe, ikitoka nyeupe umeshajua. Upitishe ndani ya mifereji ya plastiki ya kubandika, ipake rangi ya ukuta.

SatoMkavu
Bwana Lipu, hilo la soketi za jirani lisingenijia kabisa. Kesho naenda kwake na tepu.

Swali: mpya au mtumba? Nimeona jozi za mtumba zinauzwa huku mjini, zimechoka sura ila wanasema za Ulaya.

Mzee wa Kamanga
Mtumba, bila kuuliza mara mbili. Kwa laki nne dukani unapata plastiki jipya, kwa mtumba unapata kasha lenye uzito. Ila usiende mikono mitupu.

Beba betri moja ya rimoti, ya 1.5V, na kipande cha waya. Gusisha betri kwenye matundu ya waya ya spika: chanya kwa jekundu, hasi kwa jeusi. Koni inatakiwa iruke kwenda nje na ulisikie "tuk" safi. Jaribu zote mbili. Moja ikienda nje na nyingine ndani, mtu aliwahi kuifungua na kuirudisha kinyume. Halafu weka vidole vinne kuzunguka koni, isukume taratibu sana. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Iache. Kisha angalia ule mduara laini unaoshika koni pembeni. Kama ni mpira, sawa. Kama ni sponji, minya kidogo kwa kidole: ikiacha unga au ikipasuka, imeoza. Inarekebishika, ila ipunguze kwenye bei.

Angalia pia twita, watoto wa Ulaya nao wana vidole. Ikiwa imebonyea ndani usiambiwe haina shida.

JBL Control One ukikutana nazo ni saizi unayoitaka, wufa (spika ya sauti nzito) ni ndogo, zimetengenezewa kutundikwa. Bandia zipo, kwa hiyo uzito na sauti vikuongoze, nembo baadaye.

Kayenze Boy
Ampli je? Maana mmemtwisha spika zisizo na mashine. Saundiba yangu ina kila kitu ndani 😂

Fundi Nyakato
Hilo ni kweli, spika hizi hazina mashine ndani. Chukua ampli ndogo ya chuma, zile za ukubwa wa kitabu zenye chipu ya TPA3116, zimejaa. Mtego wake uko kwenye adapta. Boksi linasema wati 50 mara mbili, halafu ndani umewekewa adapta ya 12V. Kwa 12V, spika ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa spika) haiwezi kupata zaidi ya wati 9 safi. Kwa 24V inafika kama 36. Kwa hiyo nunua adapta ya 24V yenye ampea za kutosha, usitegemee ya bure. Na usome ohm nyuma ya spika: ampli inayokubali kuanzia 4 usiifungie spika mbili za ohm 4 tundu moja, zinakuwa 2 na mashine inachemka.

Umeme wetu ukiyumba, adapta ndiyo inayotangulia kufa, ipitishie kwenye kifaa cha kulinda friji ulichonacho.

Kutoka kwenye TV: angalia kama ina tundu la hedifoni au la mwanga (optical). Ampli nyingi ndogo hazina tundu la mwanga, utahitaji kigeuzi kidogo, ni cha bei rahisi. Bluetooth inawezekana, ila sauti huchelewa kidogo nyuma ya picha. Kwenye muziki hutajua, kwenye taarifa ya habari utaona midomo imefunga na maneno yanaendelea.

Ngosha wa Igoma
Kwenye mpira usijali kuchelewa. King'amuzi chenyewe kiko nyuma. Mimi magoli ya Pamba Jiji huwa naambiwa na mtaa mzima kabla TV haijaonyesha hata kona inapigwa.

Dada wa Pasiansi
Na mvua ikishuka kwenye bati hakuna ampli itakayoshinda, soma vichwa vya habari tu.

Pima Kwanza
Kuhusu jirani. Sauti nyembamba inakufa ukutani, besi inapita. Na spika iliyofungwa kwenye ukuta wa pamoja inautikisa wenyewe. Weka pete nene za mpira kati ya breketi na ukuta, na skrubu usizikaze mpaka mpira ukabapa. Ukiongeza sabufa baadaye, iweke ukuta wa pili, si huu. Serikali ina kanuni za kelele na mitetemo tangu 2015, lakini kabla ya kanuni kuna salamu za asubuhi kwenye korido, hizo ndizo ngumu.

SatoMkavu
MREJESHO.

Nimechukua jozi ya mtumba, hazina jina la kujivunia, kasha limezibwa kabisa, wufa ya inchi 5 yenye mpira, ohm 8. Jozi ya kwanza niliyoonyeshwa betri iliikataa: moja nje, moja ndani. Muuzaji akaniangalia kama mchawi. Ampli nimepata, adapta ya 24V, breketi zinazoinama. Mtoto wa mwenye nyumba alinisaidia kutoboa. Jirani alinionyesha soketi zake, na kweli moja ilikuwa nyuma kabisa ya alama yangu ya kushoto, nikahamisha sentimita 20 na kulia vilevile.

Kimo mita 1.45, zimeinama. Kochi nimelivuta mbele, mama watoto akauliza kwa nini, nikamwambia ni pa kupitishia ufagio. Magitaa yamegawanyika jinsi nilivyotaka. Sauti ya mtangazaji iko wazi, naiweka chini kuliko zamani na nasikia kila neno. Besi ipo ya kutosha kwa kwaya, haitikisi vikombe, na sijaikosa.

Tatizo moja: kuna mngurumo mdogo "mmmm" muda wote TV ikiwa imechomekwa. Nikiweka simu kwa Bluetooth haupo.

Fundi Nyakato
Hongera. Huo unatoka kwenye king'amuzi au waya wa dishi, si spika. Mashine ikiwa imewaka, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Ukikata, ndio huo. Usipokata, chomoa HDMI ya king'amuzi. Na hakikisha TV, king'amuzi na ampli vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, tumia tundu la mwanga na kile kigeuzi, waya wa mwanga haupitishi umeme kwa hiyo mngurumo hauna pa kupita.

SatoMkavu
Ni waya wa dishi! Nimechomoa tu, kimya. Nimehamisha vyote ekstensheni moja umepungua sana, usiku tu ndiyo nausikia nikisogeza sikio. Kigeuzi nitachukua mwisho wa mwezi.

Dada wa Pasiansi
Kaka hizo breketi zinazoinama ulipata wapi? Zangu moja imelegea kifundo.

SatoMkavu
Nimekutumia inbox dada. Zipo za chuma na za plastiki, chukua za chuma.